Baharia aliyezama vitani: anzeni na meli, jina lifuate

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuseme na familia za huku Kusini, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, zenye babu aliyepanda meli ya mizigo wakati wa vita na hakurudi. Barua zinazoandikwa ng'ambo kuulizia wazee hao zina sura moja: jina la mzee, kwamba alizama "Vita ya Pili", na kwamba familia inaomba majibu. Baada ya miezi kadhaa jibu linakuja kwamba mtu wa jina hilo hayumo kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo maneno yanapoanza kwamba Waingereza wameficha.

Mara nyingi hakuna kilichofichwa. Kumbukumbu za mabaharia wa meli za biashara zimepangwa kwa meli. Askari alikuwa na namba na kikosi, na karatasi zake zilimfuata kokote alikopelekwa. Baharia aliweka sahihi au dole gumba kwenye mkataba wa safari, safari ikiisha mkataba umeisha, na karatasi ikawekwa kwenye bunda la meli ile. Hata mnara wa Tower Hill, London, wenye majina zaidi ya 36,000 ya mabaharia na wavuvi wa vita zote mbili ambao kaburi lao ni bahari, umeandikwa hivyo hivyo: kwanza jina la meli, chini yake watu waliokwenda nayo. Ukiuliza "Juma bin Saidi wa Lindi yuko wapi?" umemtuma karani akatafute sindano kwenye shamba la mkonge. Ukiuliza "nani walikuwa kwenye meli fulani iliyozama Agosti 1944?" anajua avute bunda gani.

Basi kazi ya kwanza ni ya nyumbani, na haihitaji senti: pata meli na pata mwezi.

Wazee wetu hawakuhesabu Agosti wala Februari, walihesabu mfungo na pepo za msimu. Msiyadharau maneno hayo mkayageuza kuwa "miaka ya arobaini". Yaandikeni kama yalivyosemwa. Mtu akisema mumewe aliondoka wakati wa kusi (upepo wa kutoka kusini), mwezi wa Mlisho (ndio Shaabani), na habari za kuzama zikaja Ramadhani imeshaingia, ametoa tarehe nzuri kuliko karatasi nyingi za serikali. Chukueni mfano wa meli ya Kiingereza Empire City. Nyambizi ya Kijerumani U-198 iliizamisha tarehe 6 Agosti 1944 mashariki ya Mocímboa da Praia, Msumbiji ya Wareno, yaani ng'ambo tu ya Ruvuma, na kesho yake ikaizamisha Empire Day huko juu kaskazini zaidi. Mwaka wa Hijria ulikuwa 1363, na tarehe hiyo iliangukia katikati ya Shaabani, wiki mbili kabla ya kufunga. Kwa hiyo "Mlisho, kusi, karibu na kwa Wareno" linatosha kuanzia. (Nyambizi yenyewe nayo haikufika mbali. Ilizamishwa 12 Agosti karibu na Ushelisheli, hakutoka mtu.)

Mwaka ukiwa mmoja nyuma au mbele, orodha ya meli za kuangalia inabadilika kabisa. Juni na mwanzoni mwa Julai 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, nazo ni kusi vilevile. Asiyetofautisha kusi ya 1942 na kusi ya 1944 atahangaika na meli za watu wengine. Ulizeni lililokuwa likitokea mjini: mtoto gani alizaliwa, liwali alikuwa nani, mvua zilikuwaje. Mwezi wa Kiislamu uhesabuni kwa kutoa au kuongeza siku mbili, maana mwandamo wa Mikindani haukuwa lazima uwe mwandamo wa Bombay.

Jina la meli nalo hufika limepondeka. Wazee walisema "meli ya B.I." wakimaanisha kampuni ya British India, ambayo ilikuwa na meli nyingi katika bahari hii, kwa hiyo hapo mna kampuni tu, meli bado. Andikeni sauti mnayoisikia, kisha itajeni kwa kuirudia polepole na kuilinganisha na orodha za meli zilizozamishwa mwezi ule. Mkishapata jina, tafuteni namba rasmi ya meli. Hii ni namba ya usajili wa Uingereza, na meli hubaki nayo hata ikiuzwa au ikibadilishwa jina, mradi ibaki kwenye usajili huo. Vitabu vya Lloyd's Register (orodha ya meli ya kila mwaka) vya 1930 hadi 1945 vimepigwa picha na vinasomeka bure kwenye intaneti, na namba imo. Bila namba hiyo mtaletewa karatasi za meli nyingine ya jina lile lile, kwa sababu majina ya meli yalirudiwa sana.

Kwa namba rasmi na mwaka, nendeni kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, London. Zipo aina nne za kuomba, na kila moja ina kazi yake. Fungu la BT 381 ni orodha za mabaharia za Vita ya Pili, zimepangwa kwa namba rasmi. BT 389 ni kadi za nyendo, moja kwa kila meli, zikionyesha iliingia na kutoka bandari gani tarehe gani. Hii ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu kama meli haikugusa Lindi, Dar es Salaam, Zanzibar wala Mombasa katika miezi ile, huenda mzee wenu alipandia kwingine au meli siyo. BT 334 ni daftari za vifo baharini. Na ndani ya ADM 199 kuna taarifa za walionusurika, zilizochukuliwa kwa nahodha au ofisa mkubwa aliyepona. Taarifa hizo zinaeleza saa ya kupigwa, boti ngapi zilishuka, nani aliziongoza, na meli ilichukua dakika ngapi kwenda chini. Tunawaonya mapema: kwa maofisa hutaja majina, kwa watu wa chini mara nyingi hutaja idadi tu. Mtasoma wangapi walikufa kwenye chumba cha mitambo bila kujua ni akina nani. Lakini mkiiweka taarifa hiyo pembeni ya orodha ya mabaharia, ile idadi huanza kupata majina.

Orodha yenyewe inasomwaje? Ni karatasi pana yenye safu. Kila mtu ana mstari wake: jina, umri, alikozaliwa, meli aliyotokea, kazi yake melini, mshahara, tarehe na bandari aliyopandia. Familia huishia hapo, wakaona jina, wakashangilia. Safu muhimu ziko mwisho kabisa wa mstari: tarehe aliyoacha meli, mahali, na sababu. Humo ndimo mtaona kama alikufa na meli, aliachishwa kazi salama bandari fulani, alilazwa hospitali, au alishuka akatoroka asirudi. Wapo waliohesabiwa nyumbani kuwa wamezama ambao mstari wao unasema walishushwa Bombay au Cardiff wiki kadhaa kabla ya meli kupigwa. Kabla ya kuomba karatasi hiyo, kaeni kikao cha familia mkubaliane kwamba mko tayari kusoma lolote. Huenda kuna mjane aliyekaa eda, mirathi iliyogawanywa, na watoto wa ndoa ya pili walioko mahali.

Lipo tatizo jingine ambalo halina dawa kamili. Orodha iliyokuwa melini ilizama na meli. Kilichobaki ni nakala iliyoachwa nchi kavu safari ilipoanza, pamoja na taarifa za mabadiliko zilizotumwa kutoka bandarini njiani. Mtu aliyechukuliwa katikati ya safari kuziba pengo la mgonjwa, na meli ikapigwa kabla taarifa haijafika, anaweza asionekane kwenye nakala hiyo. Hapo tafuteni kwenye daftari za vifo, na kwenye barua za madai ya mishahara, maana fedha ya baharia aliyekufa ilipitia serikalini kabla ya kufika kwa warithi. Kwa Tanganyika hiyo ina maana ya faili za mirathi na za ofisi za wilaya, zile za Bwana Shauri na liwali, ambazo mengi yake yako Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Mnapoomba faili msiseme "mabaharia". Ombeni Jimbo la Kusini, wilaya, mwaka, na mirathi ya marehemu.

Na hapa tuseme jambo linalowapoteza wengi wa Mtwara. Msiandike Mtwara. Gati la Mtwara limejengwa baada ya vita kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea, na mji ukakua nalo. Karani wa mwaka 1942 aliandika Mikindani, au Lindi kwa kuwa ndiko yalikokuwa makao makuu ya jimbo. Wengine wameandikwa wazaliwa wa Zanzibar au Mombasa kwa sababu tu ndiko walikoweka dole gumba. Mmakonde wa upande wa pili wa Ruvuma aliandikwa "Mawia", na mahali pa kuzaliwa pakawekwa nchi ya Wareno hata kama nyumba yake ilikuwa Kitaya.

Majina yanataka subira. Athumani ataonekana Usman au Othman, Selemani atakuwa Suleman, Hamisi atakuwa Khamis au Amis, Juma ataongezewa herufi. Neno "bin" lilimchanganya karani: pengine kaliandika kwa herufi B pekee, pengine kalifanya jina la kati, na kwenye faharasa mtu akawekwa chini ya jina la baba yake. Kwa hiyo tafuteni mara mbili, kwa jina lake na kwa jina la baba. Aliyebatizwa Masasi au Ndanda huenda kazini alijiandikisha kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Daftari la ubatizo la misheni litawapa majina yote mawili kwenye mstari mmoja. Lakabu ziandikwe pia. Mpishi aliyeitwa na wenzake jina la utani mwaka mzima aliweza kuandikwa hivyo hivyo.

Sasa, majina ya waliokufa yamewekwa wapi? Hapa ndipo meli moja inapogawanyika. Khedive Ismail iliondoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944 kwenda Colombo ikiwa na watu 1,511, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi namba 301. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikaenda chini kwa kama dakika mbili. Walikufa 1,297. (Ilikuwa kaskazi, katikati ya Mfungo Tano, yaani Safar.) Askari wa kikosi kile wameandikwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulioko kwenye makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Mabaharia Waingereza wa meli ile ile wako Tower Hill. Mabaharia walioandikishwa India wako kwenye kumbukumbu ya Bombay na Chittagong, ambayo kwa sehemu kubwa ni vitabu vya majina. Familia inayojua tu kwamba "babu alikuwa Khedive" lazima ijue alipanda kama nani: mpiga mizinga, mchochea moto au mpishi. Wengi wanaosema babu yao alikuwa baharia wana picha yake amevaa sare ya jeshi, na hiyo peke yake inawapeleka Nairobi, tena bila kuvuka bahari.

Kwa Vita ya Kwanza njia ni nyembamba zaidi. Kadi za mabaharia wa Uingereza za 1913 hadi 1918 ziliharibiwa, lakini orodha za mabaharia za mwaka 1915 zipo, zimenakiliwa, na zinatafutika bure. Mnara wa Bombay wa vita hiyo, wenye majina zaidi ya 2,000, unawajumuisha pia watu wa Aden na Afrika Mashariki waliofia baharini. Kumbukeni tu kwamba Lindi ya 1914 ilikuwa ya Wajerumani. Meli iliyokuwa imejificha mto Lukuledi, Präsident, ilikuwa ya kampuni ya Kijerumani, na ile Marie iliyoingia Sudi mwaka 1916 na silaha ilikuwa yao vilevile. Aliyetumikia hizo hatapatikana Kew.

Mabaharia wa majahazi hawamo kwenye lolote kati ya haya. Jahazi halikuwa na orodha ya aina hiyo, na hatuna njia ya mkato ya kuwapa.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo mwenye minara hii, ina orodha ya majina inayotafutika bure kwenye intaneti. Mwaka 2021 ilitoa ripoti ikikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia wa Vita ya Kwanza hawakuandikwa kwa majina kama wenzao, na serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Tangu hapo mlango wa kuongeza jina uko wazi kuliko zamani, lakini masharti ni yale yale. Kwa Vita ya Pili kifo kiwe kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kwa baharia wa biashara lazima kifo kitokane na vita. Aliyeugua homa melini akafa hahesabiwi kama aliyepigwa na topido. Wanataka karatasi inayoonyesha alikuwa kwenye meli ile, na karatasi inayoonyesha alikufa. Masimulizi ya familia yanasaidia, peke yake hayatoshi.

Kuongeza jina hakulipiwi. Tunalisema kwa sababu ya madalali. Ng'ambo mtalipa gharama ya kunakili karatasi, basi, na stakabadhi mtapewa. Anayetaka "ada ya usajili wa fidia" hana fidia. Uvumi wa fidia ulipata nguvu kwa ile meli Tilawa, iliyozamishwa 23 Novemba 1942 ikitoka Bombay kuja Mombasa, wakafa watu 280. Madini ya fedha yaliyokuwa ndani, vipande 2,364, yalitolewa chini ya bahari mwaka 2017, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2024 iliamua kwa upande wa Afrika Kusini, mnunuzi wa madini hayo. Kesi haikuhusu familia za waliokufa, na hakuna fungu lao lililotengwa.

Mwisho ni karatasi zilizoko kwenye masanduku. Kitabu cha baharia, hata kikiwa nusu, kina namba yake na mihuri ya kila meli aliyoachishwa. Meli ya mwisho haitakuwa na muhuri wa kuachishwa, na hilo lenyewe ni ushahidi. Tafadhali msikipeleke steshenari kupigwa plastiki ya moto. Joto hubadilisha wino wa zamani, na gundi hunasa karatasi isitoke tena. Kipigeni picha kivulini mchana, bila flashi, kila ukurasa pamoja na jalada na kurasa tupu, maana namba mara nyingi iko nyuma ya jalada. Kisha kiwekeni kwenye bahasha ya karatasi ndani ya bati lenye kifuniko, juu, mbali na mchwa na ukuta unaovuja.

Ombi letu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Mabaharia hawa waliandikishwa kwa makundi, serahangi (msimamizi wa mabaharia) mmoja akichukua watu wa mji wake, kwa hiyo meli iliyomchukua mtu wa Mingoyo huenda ilichukua na jirani yake. Familia zikikutumia majina ya meli, yachapishe meli na mwaka tu, bila majina ya watu, katika kona yoyote ya gazeti. Anayesoma Newala akiona meli ya babu yake atajua kuna mwenzake mahali anayeomba karatasi hizo hizo, na gharama ya nakala moja watagawana.

Ni sisi wasomaji wenu,
Mikindani, Mtwara.